Mkebe wa Dawa Juu ya Kabati

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, siku ya kufunga hesabu. Tumeombwa tuyaandike ili wale ambao hawakufika wayasome katika vikundi vyao.



Sisi tunaosimama mbele yenu leo si madaktari. Ni wahudumu wa afya wa kijiji, na ni wazazi kama nyinyi. Haya tutakayoyasema tuliyasoma kwanza pamoja na tabibu wa zahanati yetu, ili tusije tukawapotosha.

Tulipewa kichwa hiki: wanafunzi wa chuo kikuu na tabia ya kujinunulia dawa za antibiotiki. Tunajua wengine wenu mmejiuliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Leo tumekuja kuhesabu pesa za mbuzi na za mzunguko. Mambo ya chuo kikuu si yazungumzwe huko huko Nairobi na Eldoret? Basi, tuvumiliane kidogo. Mtaona kwamba jambo hili limekwisha kuingia ndani ya sanduku letu la pesa.

Yaliyompata binti yetu

Miaka miwili iliyopita binti wa mwenzetu mmoja alikuwa chuoni, mwaka wa pili. Mama yake ametupa ruhusa tuyaseme haya, mradi tusitaje jina.

Binti alianza kusikia moto kila akienda haja ndogo. Aliona haya kwenda kliniki ya chuo. Foleni ilikuwa ndefu, na wenzake wangemwona na kumwuliza, "Wewe una nini?" Msichana wa chumba cha pili akamwambia, "Hata mimi nilikuwa na hiyo. Nilibakisha hizi, chukua." Zilikuwa kapsuli sita za amoksilini. Akazimeza kwa siku mbili, moto ukapungua, akaendelea na masomo.

Baada ya wiki chache moto ukarudi. Safari hii akaenda kwa kemisti. Hakuulizwa karatasi ya daktari, wala hakupimwa. Pesa alizokuwa nazo zilitosha vidonge vinne vya dawa yenye nguvu zaidi, basi akauziwa hivyo vinne.

Mara ya tatu ilikuwa wiki moja kabla ya mitihani. Homa, kutetemeka, kutapika, na maumivu ya mgongo upande mmoja hata hawezi kuinama. Wenzake walimpeleka hospitali usiku. Huko wakaambiwa kwamba ugonjwa umepanda kutoka kwa kibofu hadi kwa figo. Mkojo ulipelekwa maabara, viini vikaoteshwa, vikajaribiwa kwa dawa moja baada ya nyingine. Zile dawa za kawaida zikashindwa. Iliyofaa ilikuwa ya kutiwa mshipani, na binti akalazwa siku tisa.

Mnakumbuka asubuhi ile mama yake alipokuja analia. Tulifungua sanduku. Pesa zilizokuwamo zilikuwa za zamu ya mwenzetu mwingine, aliyekuwa akingojea mabati yake tangu Januari. Yeye mwenyewe alisema, "Mpeni, mtoto kwanza." Binti akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini mitihani ilimpita, akaifanya mwaka uliofuata. Na huyo mwenzetu alinyeshewa na mvua ya msimu mzima ndani ya nyumba yake.

Sasa mnaona kwa nini tunalizungumza jambo hili hapa.

Antibiotiki ni dawa ya namna gani?

Redioni huziita viuavijasumu. Ni dawa za kuua bakteria, wale viini wadogo wasioonekana kwa macho. Amoksilini ni mmoja wapo, na Septrin, Flagyl, doksi, sipro, na nyinginezo. Ni dawa nzuri sana. Mtoto aliyeshikwa na nimonia, mama aliyepata homa kali baada ya kujifungua, mtu ambaye kidonda chake kimeingia sumu: hao huponea kwa dawa hizi. Hatukuja kuzitukana.

Lakini si kila ugonjwa huletwa na bakteria. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki haiwezi kitu kwa virusi. Makoo mengi yanayowasha ni ya virusi pia. Corona ilipoenea duniani mwaka 2020, watu wengi walimeza azithromycin, na corona ni virusi. Kuhara maji mara nyingi hakuhitaji antibiotiki. Kunahitaji maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, ile ORS, ili mwili usikauke.

Kwa nini basi mwanafunzi huapa kwamba amoksilini ilimponya mafua? Mafua huisha yenyewe kwa wiki moja hivi. Yeye alimeza kapsuli siku ya nne, na siku ya saba akaamka mzima. Akaisifu dawa. Wazee wetu walisema, jogoo akiwika asiwike, kutakucha.

Na kujitibu hivyo kuna hatari ya papo hapo. Wako watu ambao mwili wao hukataa dawa za jamii ya penisilini. Hufura uso, hushindwa kupumua, na wengine hufa. Tena dawa yaweza kuficha ugonjwa. Mwanafunzi anakohoa wiki mbili, tatu, anajinunulia hii na ile, anapata nafuu kidogo, kumbe ni kifua kikuu kinachoendelea kumla na kuambukiza wenzake wa chumba kimoja. Kikohozi cha wiki mbili ni cha kupimwa. Na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali hutolewa bure.

Kwa nini wanafunzi hufanya hivi?

Tuliwauliza vijana wetu wenyewe walipokuja likizo. Walituambia bila kuficha.

Wa kwanza alisema ni wakati. Ukienda kliniki unapoteza darasa zima, na kemisti yuko hapo nje ya lango. Wa pili alisema ni pesa. Pesa za mkopo wa HELB zikichelewa, mtu hununua vidonge vya mia moja badala ya dozi nzima. Wa tatu alisema ni mitihani: mtu anasikia baridi kidogo, anaogopa kuugua, anameza dawa eti ya kuzuia. Wa nne alisita, kisha akasema ni aibu. Ugonjwa wa sehemu za siri huwezi kumwambia mtu mzima, ukadhani hatakuchapa kwa maneno. Unamwuliza rafiki, naye anakutajia dawa aliyopewa na rafiki yake.

Na msidhani ni ujinga wa wasiosoma sayansi. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba hata wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi hujitibu hivyo. Kujua jina la dawa ni jambo moja, na kujua ugonjwa wako ni jambo jingine.

Kupe na josho

Sasa tueleze kile kinachoitwa usugu. Wafugaji watatuelewa upesi.

Ukipeleka ng'ombe kwa josho ambalo dawa yake imetiwa maji mengi mno, nini hutokea? Kupe wadhaifu hufa. Wale wagumu hubaki. Hao wagumu ndio wanaozaa, na watoto wao wanazaliwa wagumu. Baada ya muda unaosha ng'ombe kwa dawa kamili na kupe wanakutazama tu. Tunawaona mnatikisa kichwa. Mmeyaona haya kwa macho yenu.

Bakteria ni vivyo hivyo, ila wao huzaana upesi zaidi kuliko kupe. Wengine huzaana kila baada ya dakika ishirini hivi. Kila antibiotiki inapomezwa, wadhaifu hufa na wagumu hubaki. Ndiyo maana haifai kuimeza bila sababu, na ikibidi kuimeza, iwe ni ile inayofaa, kwa kipimo na siku alizosema daktari. Nusu dozi ni josho lenye maji mengi.

Tulimwuliza daktari kama ni zile kapsuli sita za kwanza zilizoleta usugu kwa binti yetu. Alitujibu kwa ukweli: huenda ndizo, na huenda pia aliambukizwa viini vilivyokuwa sugu tayari, kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Hapo ndipo tulipoanza kuogopa. Maana kupe sugu wa jirani huvuka ua. Wewe waweza kutumia dawa kwa uangalifu maisha yako yote, na bado ukaugua kwa viini vilivyozoeshwa dawa na mwenzako.

Onyo la mwaka 1945

Si jambo jipya. Dawa ya penisilini iligunduliwa London mwaka 1928 na Alexander Fleming. Mwaka 1945 yeye na wenzake wawili, Florey na Chain, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Siku ya kutoa hotuba yake angeweza kujisifu tu. Badala yake alitoa onyo. Alisimulia mfano wa bwana mmoja anayeumwa na koo. Bwana huyo anajinunulia penisilini na kujitibu mwenyewe, lakini anatumia kidogo, isiyotosha kuua viini, bali inayotosha kuvifundisha kuishinda dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa inashindwa, na mke anakufa.

Angalieni vizuri mfano huo. Aliyekosea kipimo ni bwana, aliyezikwa ni mke. Kwetu aliyenunua vidonge vinne ni binti, na aliyenyeshewa ni mwenye mabati.

Tena hata sisi tumeyaona. Wazee hapa wanakumbuka klorokwini, ile chungu ya malaria. Viini vya malaria si bakteria, lakini njia ya usugu ni ile ile. Klorokwini ilituponya miaka mingi, halafu ikashindwa. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha na kuchukua dawa za aina ya Fansidar. Hizo nazo hazikukaa. Mwaka 2004 serikali iliamua kuingia dawa mpya za mchanganyiko, ambazo ndizo tunazopewa hadi leo. Kisonono nacho zamani kilitibika kwa penisilini. Penisilini ikashindwa, dawa nyingine zikafuata na kushindwa, hata sipro, na sasa hutibiwa kwa sindano ya dawa nyingine. Kila mara tumepata dawa mpya kwa bei ya juu zaidi. Na dawa mpya za antibiotiki hazitoki kila siku.

Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani waliuawa na bakteria walioshinda dawa, na mzigo mzito zaidi ulikuwa kwetu, Afrika kusini mwa Sahara.

Mkebe wetu

Sasa tufike nyumbani. Binti alipopona tulikaa naye chini ya mwembe. Tukamwuliza, "Mama, ni nani alikufundisha kujitibu hivi? Ni chuo?"

Akatazama chini, halafu akacheka kidogo. "Si ni nyumbani? Si kuna ule mkebe juu ya kabati?"

Mama yake akanyamaza. Sote tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu ana mkebe wake. Ni ule wa majani au wa Kimbo wa zamani. Ndani kuna kapsuli za rangi mbili zilizobaki mtoto alipopata nafuu, Flagyl ya mwaka juzi, chupa ya dawa ya maji iliyoganda, na vidonge vyeupe ambavyo hakuna ajuaye ni vya nini. Mtoto akikohoa, tunafungua mkebe. Jirani akiumwa na jino, tunafungua mkebe. Kuku wakisinzia, tunafungua kapsuli na kuimwaga katika maji yao, na kesho yake tunauza mayai. Mtu akisikia uchovu tunasema "ni taifodi hiyo," na tunajua hata dawa yake, wakati tabibu anatuambia kwamba kile kipimo cha damu cha haraka kinachoitwa Widal hukosea mara nyingi.

Mtoto ameona hayo tangu akiwa na miaka mitatu. Alipofika chuoni hakuanza tabia mpya. Alibeba mkebe wetu kichwani mwake. Ndiyo maana tunasema: tukitaka kumwonya mwanafunzi, tuanze kwa kuteremsha mkebe.

Tufanye nini?

Hatutaki mtoke hapa na hofu tu. Haya ndiyo tuliyoyaona kuwa yawezekana hata kwa mtu asiye na pesa.

1. Kila nyumba iteremshe mkebe wiki hii. Dawa zilizobaki tusizitupe chooni wala shambani. Tuzikusanye, kila kikundi mfuko mmoja, na sisi tutazipeleka kituo cha afya ziharibiwe inavyotakiwa. Lakini angalieni: kama kliniki imekuandikia dawa ya kila siku, kwa mfano Septrin, au dawa za kifua kikuu, hizo si za mkebe. Hizo endelea nazo kama ulivyoambiwa.

2. Mtoto akienda chuoni, tusimpe dawa za kubeba "kwa ajili ya dharura." Tumpe ORS, dawa ya maumivu ya kawaida, na maneno haya: ukiugua, nenda kliniki kwanza. Katika vyuo vingi pesa za matibabu hulipwa pamoja na karo. Tumeshazilipa! Kuziacha na kununua vidonge nje ni kulipa mara mbili.

3. Tuwafundishe maswali ya kumwuliza anayewapa dawa. Hii ni antibiotiki? Ni ya ugonjwa gani? Naimeza mara ngapi, siku ngapi? Je, naihitaji kweli? Kwa sheria ya Kenya antibiotiki ni dawa ya kuandikiwa. Muuzaji mwema hataudhika ukimwuliza. Na duka halali la dawa lina cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu kimebandikwa mahali pa kuonekana.

4. Pesa zikipungua katikati ya dozi, mtoto apige simu nyumbani. Asiaibike. Dozi kamili ni nafuu kuliko siku tisa za hospitali. Tunapendekeza vikundi vitenge akiba ndogo ya matibabu, mbali na pesa za mzunguko, ili mabati ya mtu yasiguswe tena.

5. Tuongee na watoto wetu juu ya magonjwa ya siri kabla hawajaugua. Hili ndilo gumu. Wazazi wengi hapa hawajawahi kulitamka. Lakini mtoto anayejua kwamba mama hatamfukuza atasema mapema, atapimwa, na mwenzake naye atatibiwa. Anayeogopa atakwenda kwa rafiki mwenye kapsuli sita. Na kusikia moto wakati wa haja ndogo si lazima iwe ni dhambi ya mtu. Huwapata hata mabinti ambao hawajajua mume. Tusikimbilie kuhukumu.

6. Wenye miradi ya kuku na ng'ombe wa maziwa, tumwite afisa wa mifugo kabla ya kutia dawa. Na tukitia, tungoje siku alizosema kabla ya kuuza yai au maziwa.

Neno la mwisho. Chemchemi yetu pale bondeni haina mwenyewe. Mmoja akiichafua, sote tunakunywa uchafu. Dawa hizi ni chemchemi ya namna hiyo. Mwanafunzi mmoja na kapsuli zake anaonekana ni jambo dogo, lakini wako maelfu katika mabweni, na mikebe ni maelfu juu ya kabati zetu.

Yule mwenzetu wa mabati aliezeka nyumba yake mwezi wa Agosti. Binti yule alikuja kusaidia kubeba mawe na maji. Tunafurahi kusema kwamba sasa anaendelea vizuri, na chumbani kwake chuoni msichana akimwomba kapsuli hujibu, "Sina. Vaa viatu, nitakusindikiza kliniki."



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mkebe wako mna dawa gani? Unajua kila moja ni ya nini na ilinunuliwa lini?
2. Mtoto wako akipata ugonjwa wa aibu akiwa mbali, atamwambia nani kwanza? Kwa nini?
3. Kikundi chetu kinaweza kutenga kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya matibabu, na nani atashika ufunguo?
4. Ni nani hapa amewahi kuona dawa iliyokuwa ikiponya ikashindwa, kwa mtu au kwa mnyama? Atusimulie.